Anayedai ndiye athibitishe: namna ya kujadili madai ya njama kwa haki

Mwezi wa Novemba 2014, Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya lilitangaza hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wenye umri wa miaka 14 hadi 49 ilikuwa imetiwa hCG, homoni ileile ambayo mwili huitoa mimba inapotunga, na kwamba kampeni hiyo ilikuwa mpango wa siri wa kuwafunga wanawake uzazi. Serikali ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Zaidi ya miaka kumi imepita, lakini kila inapotangazwa kampeni mpya madai yale hufufuka, jina la chanjo likiwa limebadilika na hoja zikiwa zilezile. Nimeuchukua mjadala huo kuwa mfano wa mwongozo huu kwa sababu una kila kitu kinachoyafanya mazungumzo ya njama kuwa magumu: una madaktari pande zote mbili, una vipimo vya maabara, una utafiti halisi uliowahi kufanyika, na una hofu ya watu wanaojua fika kwamba miili ya wanyonge imewahi kufanyiwa majaribio bila ridhaa yao.

Kanuni inayotuongoza ni ya kale na ni ya haki. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinamtaka mtu anayeiomba mahakama iamue kwa kutegemea jambo fulani athibitishe kwamba jambo hilo lipo, na waliosoma fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wanaijua kanuni hiyohiyo kwa maneno mengine: ushahidi ni juu ya mdai, na kiapo ni juu ya anayekana. Sababu yake ni kwamba tuhuma zinazoweza kutungwa hazina mwisho, na kama kila anayetuhumiwa angelazimika kujisafisha kwanza, hakuna ambaye angesalimika. Hata hivyo, kanuni hii haikuwekwa ili kumfunga mtu mdomo. Anayesema "leta ushahidi au nyamaza" kisha akageuza uso hajadili. Amefunga mlango tu. Kanuni inafaa pale inapotumika kwa kila dai peke yake, na pale ambapo anayetetea upande rasmi anakubali kwamba naye ana mzigo wake wa kuthibitisha.

Lipasue dai kabla ya kulijibu

Tuseme mnakula, na shangazi yako anasema: "Ile chanjo ya pepopunda ilikuwa ya kutumaliza." Usianze kwa kusema si kweli, kwa kuwa bado hujui ni kipi unachokikataa. Mwulize kwa adabu: "Shangazi, naomba nikuelewe vizuri. Unasema ndani ya chupa mlikuwa na dawa ya kufunga uzazi, au unasema kuna watu walitaka iwemo?" Akijibu, "Yote mawili, mwanangu, na madaktari walipima wakaiona," basi ameshakupa madai yaliyofungwa pamoja, na kazi yako ni kuyafungua moja baada ya jingine mbele yake na kwa idhini yake. Dai la kwanza ni kwamba dawa ya namna hiyo ipo au iliwahi kutafutwa. La pili ni kwamba homoni ilikutwa katika chupa za Kenya. La tatu ni kwamba ilitiwa humo kwa makusudi. La nne ni kwamba wanawake waliochanjwa wakawa tasa au walikusudiwa kuwa tasa. Kila moja lina ushahidi wake, na kuthibitika kwa moja hakulithibitishi lile linalofuata.

Lililo kweli likubali mara moja na bila kusitasita. Utafiti wa chanjo ya uzazi wa mpango inayotumia hCG ulikuwepo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na kikosi kazi cha chanjo za namna hiyo tangu miaka ya 1970, na nchini India timu ya G. P. Talwar, katika Taasisi ya Taifa ya Kingamwili mjini New Delhi, iliichanja hCG iliyounganishwa na sumu iliyodhoofishwa ya pepopunda kwa wanawake 148, ikachapisha matokeo mwaka 1994. Shangazi hakuota. Mtu anayemcheka kwa kusema "wewe nawe umetoa wapi hizo" atakuwa amekosea ukweli na amekosa heshima, na kuanzia hapo hatasikilizwa hata atakapokuwa na haki. Ukishalikubali hilo, eleza utafiti huo ulionyesha nini hasa: homoni ililazimika kuunganishwa kikemia na kibebeo chake, yaani ile sumu iliyodhoofishwa, ili mwili uitengenezee kingamwili, askari wa mwili wanaoizuia homoni hiyo kufanya kazi yake ya kuitunza mimba, wanawake hao walijitolea kwa jaribio lililotangazwa kuwa ni la uzazi wa mpango, na kinga ile ilikuwa ya muda, kwani kingamwili ziliposhuka uwezo wa kushika mimba ulirejea. Dai la utasa wa kudumu halitoki katika utafiti huo, kwa hiyo anayelitoa anapaswa kulitafutia chanzo kingine.

Dai la pili ndilo kiini cha mambo, na hapa usiharakishe. Ni kweli kwamba chupa zilipelekwa maabara na baadhi ya majibu yakaonyesha hCG. Swali lenye maana ni kipimo kilikuwa cha nini. Mashine na vitendanishi vya hCG vinavyotumika hospitalini vimetengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu. Hutumia kingamwili zinazoikamata homoni, kisha mashine husoma ishara na kuibadilisha kuwa namba. Chanjo ya pepopunda ina chumvi ya aluminiamu na dawa ya kuhifadhi, vitu ambavyo havimo katika damu ya kawaida na ambavyo vinaweza kuuvuruga usomaji huo, hivyo mashine ikatoa namba ndogo mahali ambapo homoni haipo. Hii ndiyo sababu kipimo cha maana kingehitaji sampuli linganishi: chupa ya chanjo inayojulikana kuwa haina homoni, nyingine iliyotiwa homoni kwa kiasi kinachojulikana, na zile zinazoshukiwa, zote zikiwa na namba tu ili mpimaji asijue ipi ni ipi. Mtu akikuletea karatasi ya maabara, uliza mambo manne: sampuli ilikuwa nini, maabara iliambiwa inapima nini, kipimo kiliidhinishwa kwa kitu gani, na sampuli linganishi zilisomeka vipi. Haya yote si ujanja wa kukwepa, kwa sababu ndiyo maswali ambayo wewe mwenyewe ungeyauliza kama karatasi hiyo ingekuwa inasema una ugonjwa mbaya.

Baadaye iliundwa kamati ya pamoja ya serikali na wataalamu wa upande wa Kanisa, na chupa zikapimwa upya. Chupa chache zilizotoka upande wa Kanisa zilionekana kuwa na homoni. Zile zilizochukuliwa katika maghala ya serikali hazikuonekana kuwa nayo. Kila upande ukasoma matokeo hayo kama ushindi wake. Maaskofu wakasema baadhi ya chanjo iliyotumika vijijini ilikuwa imetiwa homoni. Wapinzani wao wakasema chupa zenye mashaka ni zile tu ambazo zilikuwa mikononi mwa walalamikaji. Mimi nadhani jambo la kujifunza hapa ni moja: mnyororo wa utunzaji wa sampuli ni sehemu ya ushahidi, tena sehemu nzito. Chupa ilichukuliwa kituo gani, siku gani, na nani, ilikuwa na lakiri au ilikuwa imeshafunguliwa, ilihifadhiwa wapi, nani waliishika kabla ya kufika maabara. Pale ambapo mnyororo huo haukuandikwa, matokeo hayawezi kuubeba uzito wa tuhuma ya kuwahujumu wanawake zaidi ya milioni 2 waliolengwa na kampeni. Kusema hivyo hakumaanishi kwamba mtu yeyote alichezea chupa. Ukimtuhumu aliyeleta sampuli kwamba aliitia homoni mwenyewe, umeanzisha dai jipya, na mzigo wa kulithibitisha umekuwa wako.

Kubalianeni mapema ni kitu gani kitakachowaridhisha

Kosa kubwa katika mijadala hii ni kutafuta ushahidi kabla ya kukubaliana ushahidi unaonekanaje. Mwulize shangazi, na ujiulize na wewe kwa sauti: "Ni jambo gani likionekana utasema nilikosea?" Kisha muandike jibu la kila mmoja.

Mfano bora ninaoujua wa kufanya hivi kwa vitendo unatoka kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2003 jimbo la Kano lilisimamisha chanjo ya polio kwa madai kwamba ilikuwa na dawa za kufunga uzazi. Majibu ya mashirika ya kimataifa hayakutuliza mtu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakishukiwa. Mwaka 2004 chanjo ikarejea baada ya kupatikana kwa njia ambayo viongozi wa Kano wenyewe waliiamini: chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Kisayansi chanjo ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba swali la nani anaaminika lilijibiwa kwanza. Katika kipindi hicho cha kusitasita virusi vya polio vilitoka kaskazini mwa Nigeria vikasambaa katika nchi nyingi ambazo zilikuwa zimeshavidhibiti. Gharama ya kutokubaliana mapema hulipwa na watoto, na ndiyo maana jambo hili haliniachi nilichukulie kirahisi.

Kwa chanjo ya pepopunda ya Kenya, kipimo kimoja cha wazi ni idadi ya watoto wanaozaliwa. Kama kampeni ilifunga uzazi, uzazi ungeporomoka baada yake, hasa katika wilaya zilizochaguliwa kwa sababu ya hatari kubwa ya pepopunda, kuliko katika zile ambazo hazikuguswa. Tafiti za kitaifa za afya ya jamii zinaonyesha kwamba mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto 4.9 mwaka 2003, 4.6 mwaka 2008–09, 3.9 mwaka 2014 na 3.4 mwaka 2022. Hapa shangazi anaweza kusema, na ni haki yake kusema: "Si unaona imeshuka?" Usiikwepe hoja hiyo. Mwonyeshe kwamba mteremko ulianza miaka mingi kabla ya kampeni, na kwamba ulikuwa mkali zaidi kati ya 2008–09 na 2014 kuliko baada yake: wastani ulishuka kwa watoto 0.7 ndani ya takriban miaka mitano, kisha 0.5 ndani ya minane. Sababu zinazotajwa na watafiti, yaani elimu ya wasichana, ndoa za kuchelewa na njia za uzazi wa mpango ambazo wanawake huzichagua wenyewe, zilikuwepo kabla na baada. Takwimu za taifa zima peke yake hazitoshi kufunga suala la wilaya moja, nawe useme hivyo. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba janga lililotabiriwa halikutokea.

Mzigo ulio juu ya upande rasmi

Wanaotetea chanjo mara nyingi husahau kwamba nao wanadai jambo. Anayesema "chanjo hii ni salama na inakinga" ametoa dai, na mzigo wa kulithibitisha ni wa mtengenezaji, wa mamlaka ya dawa na wa wizara, kabla sindano haijamgusa mtu. Kwa hiyo shangazi anapouliza kwa nini walichanjwa wanawake peke yao, au kwa nini dozi ni nyingi, hajatoa tuhuma. Ameuliza swali, na swali hudai jibu. Jibu lipo. Lengo la kampeni lilikuwa pepopunda ya watoto wachanga, ambayo huingia kupitia kitovu kilichokatwa au kutunzwa katika mazingira machafu, na mtoto huzaliwa na kinga anayoipata kwa mama yake kabla ya kuzaliwa. Ratiba ya dozi tano kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa ilikuwa mwongozo wa kawaida wa Shirika la Afya Duniani miaka mingi kabla ya 2014. Ukimpa jibu hili kwa utulivu, utakuwa umetimiza wajibu ambao wahusika walipaswa kuutimiza kijiji kwa kijiji kabla ya kampeni kuanza.

Jihadhari vilevile usibebe dai usilolihitaji. Ukisema "hakuna hata chupa moja, popote, iliyowahi kuwa na kitu kisichotakiwa," umesema jambo ambalo hakuna binadamu anayeweza kulithibitisha, na mpinzani wako anahitaji chupa moja tu yenye kasoro ili akuangushe. Unachohitaji kusema ni kidogo zaidi na ni imara zaidi: ushahidi ulioletwa hautoshi kuthibitisha kwamba chanjo ilitiwa homoni kwa makusudi.

Njama za kweli zilithibitishwaje?

Utaambiwa kwamba serikali na mataifa makubwa yamewahi kufanya mabaya, na jibu la haki ni ndiyo. Katika mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende, kuanzia 1932 hadi 1972, na kuwaacha bila tiba hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida. Mwaka 2011 ikafichuka kwamba Shirika la Ujasusi la Marekani lilikuwa limeitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini katika mji wa Abbottabad, Pakistani, kama kificho cha kumsaka Osama bin Laden. Nadhani kitendo hicho kimeiumiza imani ya watu katika chanjo kuliko uvumi mwingi. Na Kenya ina Goldenberg: katika miaka ya mwanzo ya 1990 kampuni moja ililipwa na serikali fidia ya mauzo ya nje ya dhahabu na almasi, ilhali nchi ilikuwa karibu haina dhahabu ya kuuza wala almasi.

Angalia jinsi mambo hayo yalivyojulikana, kwa kuwa hapo ndipo penye mafunzo. Goldenberg ilifichuliwa na David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, aliyeona malipo yasiyo na maelezo akatoa nyaraka zilizowafikia wabunge wa upinzani. Alipoteza kazi, lakini karatasi zilikuwepo, na zilitaja nani alilipwa, kiasi gani na kwa idhini ipi. Tuskegee ilifichuliwa na Peter Buxtun, mfanyakazi wa idara hiyohiyo, aliyepeleka habari kwa waandishi. Tena utafiti ule ulikuwa umeandikwa katika majarida ya kitabibu kwa miongo kadhaa, kwa hiyo usitegemee sana hoja ya kwamba siri kubwa haiwezi kudumu. Mabaya mengine hudumu kwa sababu wanaoyasoma hawayaoni kuwa mabaya. Katika kila kisa kulikuwa na hati, tarehe, majina ya ofisi na watu waliokuwa tayari kuhojiwa. Dai la tatu la shangazi, lile la makusudi, linahitaji kitu cha aina hiyo: kiwanda gani, agizo la nani, shehena ipi. Kwamba mtu fulani aliwahi kufanya ubaya mahali pengine ni sababu ya kuchunguza kwa makini. Haiwi uthibitisho wa kosa hili.

Mahali mazungumzo yanapokwama

Mitego ni michache na hurudiarudia. Wa kwanza ni "basi thibitisha kuwa haikuwemo." Usiukatae kwa ukali, sema kwamba uko tayari kuonyesha kila kilichopimwa, kisha uliza ni kipimo kipi kingetosha. Kama hakuna kinachotosha, mazungumzo yenu si ya ushahidi tena, na ni vyema kulisema hilo kwa upole. Wa pili ni kuufanya ukosefu wa ushahidi kuwa ushahidi: hakuna hati kwa sababu wameificha, hakuna shahidi kwa sababu wamemnunua. Mwombe mwenzako afikirie kama hoja hiyohiyo ingetumika dhidi yake mwenyewe. Kama jirani angesema yeye ni mwizi, na ukosefu wa mali iliyoibwa nyumbani kwake ukahesabiwa kuwa dalili ya ustadi wake wa kuficha, angejitetea vipi?

Wa tatu hukaa ndani ya methali tuipendayo, lisemwalo lipo na kama halipo li njiani laja. Ni ya hekima inapotutaka tuchunguze tunachokisikia, lakini haithibitishi. Uvumi wa chanjo ya pepopunda kufunga uzazi ulisikika Kameruni mwaka 1990, kisha Meksiko na Ufilipino katikati ya miaka ya 1990, kwa maneno yanayofanana sana na ya Kenya. Kusemwa mahali pengi kunaweza kutokana na kutokea mahali pengi, na kunaweza pia kutokana na kunukuliana. Ili kujua ni lipi, lazima urudi kwenye chupa za kila mahali na vipimo vyake. Wa nne ni mvua ya maswali: ukijibu la homoni unaulizwa la matajiri, ukijibu la matajiri unaulizwa la mitambo ya simu. Andika kila jipya pembeni, ahidi kulirudia, na urudi kwenye lile mlilokubaliana kulimaliza.

Usimtake mtu akiri kushindwa mbele ya watoto wake au wageni. Mambo ya uzazi yana uchungu, na huenda anayekuambia haya ana binti aliyehangaika kupata mtoto na hakupewa maelezo yoyote hospitalini. Msikilize hilo kwanza, kwa kuwa linahitaji daktari kuliko linavyohitaji mjadala. Na kama suala lililo mbele yenu ni la sasa, yaani mjamzito wa nyumbani anatakiwa kwenda kliniki wiki ijayo, jitolee umsindikize yeye na shangazi. Mwombeni muuguzi awaonyeshe chupa kabla haijafunguliwa: lakiri yake, jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kibandiko chenye mraba ndani ya duara, ambacho mraba wake ukiwa mweupe kuliko duara maana yake chanjo haijaharibiwa na joto. Mweleze shangazi kwa uwazi kwamba kibandiko hicho kinathibitisha habari ya joto tu, na si kilichomo ndani. Namba ya toleo aiandike kwenye kadi ya kliniki au daftari lake, ili siku akiwa na shaka awe na kitu mahususi cha kuiuliza wizara na mamlaka ya dawa, na wao wawe na wajibu wa kumjibu kuhusu chupa ileile.